Kakuma si neno la Kiswahili: nasaha kwa wanaopanga ziara za Turkana

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali ya ukarimu, lakini ndani yake mna sharti: mgeni aje na kitu cha kumfaa mwenyeji, na aondoke akiwa amemwacha katika hali bora kuliko alivyomkuta. Siku hizi mgeni huja na kamera na chupa ya maji, humkodi kiongozi kwa siku moja, na jua likitua huwa amekwisha kurejea hotelini akiwa na picha mia na masimulizi kumi. Picha ni zake. Masimulizi je, ni ya nani? Na je, ni ya kweli? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari leo, walimu wenzangu na wanafunzi wetu, tukichukua mfano wa Lodwar na Kakuma katika Kaunti ya Turkana.

Naanza kwa kusema kwamba siipingi biashara ya kuwatembeza wageni. La hasha! Zamani ilikuwa vigumu kwa mwalimu wa Kitale au Nakuru kuwapeleka wanafunzi wake Lodwar. Barabara ilimvunja abiria mgongo na gari likavunjika ekseli. Katika miaka ya karibuni lami imetandazwa kutoka Lokichar hadi Lodwar na kuendelea hadi Kakuma, na ndege za abiria hutua Lodwar. Ziara imekuwa jambo linalowezekana. Wageni wachache hujikusanya, hukodi gari, dereva na kiongozi wao peke yao, huondoka Lodwar alfajiri kabla jua halijawa kali, na siku hiyo hiyo huwa wameona ziwa kule Eliye au Kalokol. Wengine hushika njia ya kaskazini-magharibi, mwendo wa kilomita zipatazo 120, wakafika Kakuma na kurudi. Kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi hupata riziki ya halali kwa ulimi wake na kwa kuijua nchi yake. Nani atamwonea kijicho?

Tatizo langu liko kwenye ulimi huo huo. Nilipata kufuatana na wanafunzi wangu wa isimu katika ziara ya namna hiyo. Tulipokaribia Kakuma, kiongozi wetu, kijana mchangamfu na mwenye adabu, aligeuka akatuambia kwa Kiingereza fasaha kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili, na maana yake ni mahali pasipo popote. Wanafunzi walifungua madaftari wakaandika. Waliokuwa wakiandika walikuwa wasemaji wa Kiswahili tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kuuliza: Kiswahili cha wapi hicho? Baadaye nilimwita kiongozi kando nikamuuliza alikolipata jambo hilo. Alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na wageni hulipenda sana."

Kijana yule hakusema uongo. Imeandikwa kweli. Imeandikwa katika makala za magazeti ya ng'ambo, katika vitabu vya kumbukumbu za wakimbizi na katika maelezo ya mitandao, tena kwa kurudiwarudiwa mpaka imepata ndevu. Mwandishi mmoja humnukuu mwenzake, naye hunukuliwa na wa tatu, na hakuna miongoni mwao anayefungua kamusi ya Kiswahili. Basi tuifungue sisi.

Kiswahili hakina nomino inayomaanisha mahali pasipokuwapo. Huu si upungufu. Ndivyo sarufi yetu ilivyojengwa. Tunazo ngeli tatu za mahali, yaani pa-, ku- na mu-, nazo huzaa maneno kama popote na kokote. Tukitaka kukana, tunakana kwa kitenzi. Husema: sikwenda popote, hajaonekana kokote, hakuna mahali. Ukiniuliza nimetoka wapi nami nikakujibu "popote" bila kitenzi cha kukana, utanishangaa. Neno lililo karibu zaidi na maana inayodaiwa ni hakuna, na kila mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba hakuna si Kakuma. Atakayejaribu kulipasua jina hili kwa kisu cha Kiswahili, akiondoa ka- ya udogo kama ilivyo katika katoto na kajia, atabakiwa na neno ambalo mhariri wa ukurasa huu hatakubali kulichapisha, nalo halihusiani hata kidogo na madai ya kiongozi wetu.

Sasa tazama ramani. Sikiliza majina ya majirani wa Kakuma: Kalobeyei, Kalokol, Kainuk, Katilu, Kaikor. Sikiliza na haya: Lodwar, Lokichar, Lokichoggio, Lokitaung, Lokori. Na haya tena: Nachukui, Nariokotome, Napetet. Hata asiyejua neno moja la Kiturkana atasikia kwamba majina haya yanatoka nyumba moja, na kwamba Ka-, Lo- na Na- zinafungua mlango wa nyumba hiyo. Tamasha la utamaduni linalofanyika Lodwar huitwa Tobong'u Lore, yaani rudi nyumbani. Na katika lore hiyo mna lo- ya mahali ikiwa imeungana na neno la Kiturkana la makazi ya watu. Kakuma ni jina lililozaliwa katika ukoo huo. Anayetaka kulijua na amwendee mzee wa Kiturkana anayeishi ukingoni mwa mto Tarach, ambao hupita hapo Kakuma, wala asimwendee mwandishi aliyeshuka kwenye ndege asubuhi na kupanda nyingine jioni.

Pengine msomaji atasema: Daktari, hilo ni neno moja tu, mbona unalifanyia kesi ya Kapenguria? Nalifanyia kesi kwa sababu jina la mahali ni hukumu. Ukisema kwamba wenyeji wenyewe waliyaita makazi yao pasipo popote, umewashuhudia dhidi yao wenyewe. Umesema kwamba ukiwa wa nchi ile ni wa maumbile, umekuwapo tangu hapo, na hakuna mwenye lawama. Ilhali historia inasema vingine.

Turkana ilifanywa kuwa mbali, haikuzaliwa mbali. Serikali ya kikoloni iliifunga nchi ya kaskazini kwa sheria. Sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 iliiweka Turkana miongoni mwa wilaya ambazo mtu hakuweza kuingia wala kutoka kwa hiari yake bila kibali. Kwa sababu ilifungwa, ikafaa kuwa jela. Jomo Kenyatta na wenzake walipohukumiwa Kapenguria mwaka 1953, walipelekwa Lokitaung, karibu na mpaka wa kaskazini. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, akakaa huko chini ya amri ya serikali mpaka alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Uhuru ulipopatikana, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi na mvua za kuleta faida ya haraka. Turkana haikuwa miongoni mwa maeneo hayo. Barabara isipojengwa kwa miaka hamsini, mahali huwa mbali kweli. Lakini aliyepafanya mbali ana jina, ana ofisi na ana tarehe. Kiongozi anayewaambia watoto wetu kwamba jina lenyewe lina maana ya pasipo popote anazifuta tarehe hizo ubaoni kwa kitambaa kimoja.

Na watu wenyewe wa Kakuma je? Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili maelfu ya vijana wa Sudani waliokuwa wamekimbia vita, wakatembea hadi Ethiopia na kisha kufukuzwa huko. Leo kambi hiyo pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu wapatao laki tatu, kutoka Sudani Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia ulikuta huko maduka na biashara zaidi ya 2,000. Katika michezo ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliotoka Kakuma, na aliyebeba bendera, Rose Nathike Lokonyen, alikuwa mmoja wao. Awer Mabil, aliyeichezea Australia katika mechi za kuwania Kombe la Dunia la mwaka 2022, alizaliwa Kakuma. Mahali penye historia ya namna hii pana haki ya kuitwa mahali.

Nimetaja kwamba wageni hulipenda jambo hili. Wanalipenda kwa sababu linawapa hadithi waliyokuja nayo. Lakini hebu tuwatazame wenzetu wanaoishi kwa kazi hii tangu zamani. Uholanzi iko kijiji kinachoitwa Giethoorn, katika jimbo la Overijssel. Sehemu yake kongwe haina barabara za magari. Watu hupita kwa mashua mifereji ikiwa ndiyo njia zao, na kila nyumba ina daraja lake dogo la mbao. Mifereji hiyo ilichimbwa na watu waliokuwa wakitafuta ule udongo mweusi wa mimea iliyooza, ambao ukikaushwa huwaka kama kuni. Wenyeji hawafiki elfu tatu, lakini wageni wanaomiminika kwa ziara ya siku moja kutoka Amsterdam, wengine wakiwa na kiongozi waliyemkodi wao peke yao, ni umati mkubwa kila mwaka. Jina la kijiji hicho hutolewa maelezo haya: walowezi wa kwanza walizikuta udongoni pembe nyingi za mbuzi mwitu, ambao inasemekana waliangamia katika mafuriko ya mwaka 1170, wakapaita mahali pa pembe za mbuzi.

Sikizeni, walimu wenzangu. Jina la kijiji cha Uholanzi hufafanuliwa kwa Kiholanzi. Atokee kiongozi pale awaambie wageni kwamba Giethoorn ni neno la Kifaransa lenye maana ya pasipo popote, atachekwa na mwendesha mashua kabla hajamaliza sentensi. Turkana nayo ni nchi ya mbuzi kuliko Overijssel. Mturkana humwita mbuzi akine, na anayo maneno mengi ya kumweleza kwa rangi na pembe zake. Kwa nini basi jina la mji wake lifafanuliwe kwa lugha isiyo yake, tena kwa makosa?

Wala hatuwezi kujitetea kwamba Kiturkana hakijachunguzwa. Kimechunguzwa, na ajabu ni kwamba aliyefanya kazi hiyo kwa mapana ni Mholanzi. Gerrit Dimmendaal alichapisha sarufi yake ya Kiturkana huko Dordrecht mwaka 1983. Humo msomaji ataona lugha ambayo kitenzi hutangulia sentensi, ambayo nomino zake zina jinsia tatu, na ambayo vokali za mwisho wa maneno hunong'onwa bila mghuno, jambo ambalo ni nadra katika lugha za dunia. Ni ndugu wa Kikaramoja na Kiteso cha Uganda, na wa Kitoposa cha Sudani Kusini. Wasemaji hujiita Ng'iturkana na lugha yao huiita Ng'aturkana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, waliojitambulisha kuwa Waturkana nchini Kenya walipita milioni moja kidogo. Mtu alitoka nchi ya mifereji akaja kujifunza lugha ya nchi kavu. Sisi tulio na Waturkana katika madarasa yetu tumewauliza nini?

Turudi kwenye gari letu la asubuhi. Wapo watakaosema kwamba kiongozi akinyang'anywa hadithi zake tamu hatabakiwa na kitu cha kuwaambia wageni. Mimi naona kinyume. Ukweli wa Turkana ni mtamu kuliko uongo wowote, ila unadai kazi zaidi. Hebu tuhesabu kwa uchache yale ambayo kiongozi aliyejiandaa anaweza kuwaonyesha wanafunzi ndani ya siku moja au mbili.

Lipo ziwa lenyewe. Waturkana huliita kwa neno lao, anam. Mwaka 1888 walifika Teleki na von Höhnel, wakaliita kwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakupata kuliona. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka 1975, serikali ya Kenya ilipolibadilisha kuwa Ziwa Turkana. Hapo pana somo zima la historia na isimu: nani ana mamlaka ya kutoa jina, na jina hubadilika lini.

Zipo nguzo za mawe za Namoratung'a, kando ya njia ya Lodwar kwenda Kalokol, nguzo kumi na tisa zilizoinama huku na huku. Masimulizi ya wenyeji husema walikuwa watu waliogeuzwa mawe. Mwaka 1978 wataalamu wawili waliandika kwamba ni kalenda ya nyota ya mwaka 300 hivi kabla ya Kristo, na hadi leo wapo viongozi wanaolikariri jambo hilo kama msahafu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba maziara ya nguzo yaliyolizunguka ziwa ni ya kale zaidi. Lile la Lothagam Kaskazini, lililoelezwa mwaka 2018, lilijengwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, na humo walizikwa watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo, wengi wao wakiwa na mapambo. Mwalimu akiwa na masimulizi matatu juu ya mawe yale yale, anaweza kuwafundisha wanafunzi tofauti ya ngano, dhana na ushahidi pasipo kuidharau hata moja.

Yupo kijana wa Nariokotome, mifupa ya binadamu wa kale wa miaka zaidi ya milioni moja na nusu, iliyogunduliwa mwaka 1984. Aliyeiona kwanza alikuwa Mkenya, Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022. Ni wanafunzi wangapi wanaolijua jina la Kimeu? Kiongozi alitaje kwa sauti.

Kipo na kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Kugandisha samaki katika joto lile kulidai umeme na maji safi mengi mno, na ghuba ya Ferguson ambako samaki walivuliwa ilikauka baadaye katika mwongo huo huo. Watu wa uchumi, kilimo na mazingira wangepata hapo mjadala wa siku nzima: msaada unaotolewa bila kumuuliza mfugaji na mvuvi huishia wapi?

Sijataja kapu la majani ya mkoma, mti ambao Waturkana huuita eng'ol. Sijataja ekicholong, kigoda ambacho mzee hukikalia mchana na kukifanya mto wa kichwa usiku. Wala mathenge, mmea wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kuwa jangwa la miiba. Nani atasema kiongozi huyu amekosa maneno?

Kuhusu Kakuma nina neno jingine, na hili naomba lisikizwe kwa makini. Kambi ya wakimbizi si mbuga ya wanyama. Kuna ziara ambazo watu hupanda gari, hupita katikati ya vibanda, hupiga picha za watoto wenye makamasi, kisha huondoka wakihuzunika kwa starehe. Kule Giethoorn, ambako hakuna vita wala njaa, madaraja mengi yana kibao kinachomwambia mgeni kwamba hapa ni kwa mtu, usivuke. Mgeni huheshimu kibao hicho. Mkimbizi wa Kakuma hana daraja wala kibao, lakini kizingiti anacho. Kuingia kambini hutakiwa kibali cha serikali, na kibali hicho ni cha serikali; ruhusa ya mama aliyeketi mbele ya nyumba yake ni jambo la pili, nalo huombwa kwa mdomo na kwa lugha anayoielewa.

Na lugha anayoielewa, mara nyingi, ni Kiswahili. Hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wa lugha wangepaswa kulifuata Kakuma. Pale sokoni Kiswahili cha Bukavu kinakutana na Kiswahili cha Nairobi, na vyote viwili vinakutana na Kiswahili cha Mturkana aliyekuja kuuza kuni na mkaa. Mkongo husema batu na bintu, Mkenya husema watu na vitu; wa Burundi ana lafudhi yake, Msomali naye ana yake; na bei ya nyanya hukubaliwa bila mkalimani. Vitabu vyetu husema Kiswahili ni lugha ya mawasiliano mapana. Kakuma wanafunzi wangeisikia sentensi hiyo ikiwa hai, ikibishana na kucheka. Hapo ndipo kejeli ya jambo lote inapodhihirika: tumekisingizia Kiswahili neno ambalo hakina, katika mji ambao Kiswahili kinafanya kazi kubwa ya kuwaunganisha watu wasiokuwa na kitu kingine cha kuwaunganisha.

Nini basi kifanyike? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, mwalimu asilipandishe darasa garini kabla hajalipa swali. Kila mwanafunzi aondoke shuleni na majina matano ya mahali, na arudi na maelezo ya kila jina yaliyotolewa na wazee wawili tofauti, pamoja na lugha waliyoyatolea. Wazee wakitofautiana, aandike tofauti hiyo. Ziara ya namna hii haina haja ya kiongozi ajuaye yote. Ina haja ya kiongozi anayejua ni nani wa kuulizwa.

Pili, tukodi viongozi wanaosema lugha ya mahali, na tuwalipe inavyostahili. Chama cha kitaifa cha viongozi wa safari kimekuwa kikiwatahini viongozi kwa madaraja ya shaba, fedha na dhahabu tangu miaka ya 1990. Ni jambo jema. Lakini kumjua ndege kwa jina lake la Kilatini na kutoujua mto kwa jina lake la kienyeji ni elimu ya upande mmoja. Mitihani hiyo iwe na sehemu ya lugha na majina ya eneo ambalo kiongozi anakusudia kulifanyia kazi. Nasi tunaomlipa tumzoeze kutamka bila haya neno moja la kitaalamu: sijui.

Tatu, anayekwenda Kakuma aende kwa kazi, si kwa kutazama. Shule ikutane na shule. Wanafunzi wacheze mpira pamoja, wasomeane insha, wabishane kuhusu Kiswahili. Chakula kinunuliwe kwenye mikahawa ya pale pale, ya wakimbizi na ya Waturkana pia, maana wenyeji nao ni maskini na mara nyingi husahauliwa na msaada unaopita mbele ya macho yao. Kamera ikae mfukoni mpaka iitwe.

Nne, majina haya yaandikwe. Lodwar sasa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichoanzishwa mwaka 2017. Wanafunzi wake wengi ni watoto wa wafugaji na wavuvi wa nchi hiyo hiyo. Kitabu kidogo cha majina ya mahali, kwa Kiturkana na Kiswahili sanifu, kikiwa na maelezo ya wazee na majina yao kwa idhini yao, kingeweza kukusanywa na darasa moja katika mihula michache. Kikiuzwa kwa bei nafuu hapo Lodwar, kila kiongozi angekuwa nacho mfukoni, na kila mwandishi wa ng'ambo angekuwa na kitu cha kunukuu badala ya kumnukuu mwenzake.

Najua atakuwapo mwenye kusema kwamba watoto wa Turkana wanahitaji maji, chakula na madawati kuliko etimolojia. Namkubalia kwamba wanahitaji maji. Lakini anayepanga bajeti ya maji hutazama ramani, na moyoni mwake huwa amekwisha kuamua ni wapi pana watu na ni wapi pasipo popote. Waraka wa mwaka 1965 haukuandikwa na watu wakatili. Uliandikwa na wasomi waliokuwa na picha fulani ya nchi akilini. Picha hizo hujengwa mapema, darasani na katika ziara kama hizi, kwa maneno mepesi ambayo hakuna anayejisumbua kuyapinga. Wanafunzi wangu walioandika lile neno daftarini watakuwa walimu, mahakimu, wahandisi na wabunge. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba siku watakapoulizwa Kakuma iko wapi, watajibu kama Mswahili ajibuvyo: ipo, na njia ya kwendea ni hii.